Shikamoo ya Nje ya Mlango

Mjukuu wangu Salma amemaliza masomo ya sheria na amepangiwa uhakimu wa mahakama ya mwanzo, huko Hanang. Alikuja kuniaga na kompyuta yake kwapani. Akaniambia kuwa chuoni aliandika mada ndefu kuhusu namna ya kuingiza mila na maadili ya jadi katika mfumo wa sheria za nchi. Nikamuuliza, "Kwani yalitoka lini?" Akacheka, akidhani namtania. Sikuwa namtania sana.

Basi niliyomsimulia yeye nayaandika sasa kwa ajili yenu wote mnaoanza kazi mahakamani, makarani, wakalimani na mahakimu wapya. Mkiona narukaruka, nivumilieni. Nimestaafu, na hakuna tena hakimu wa kunikatisha akisema, "Jibu swali uliloulizwa."

Mimi ni Mwanaidi. Nimezaliwa Dongobesh, dukani kwa baba yangu, Mrangi aliyefuata biashara akaishia kuoa kwa Wairaqw. Kiiraqw nilikinyonya kwa mama. Kirangi nilikisikia baba akikasirika. Kibarbaig nilikiokota kaunta, kwa wafugaji waliokuja kununua shuka na chumvi na kukaa nusu siku bila haraka. Sikujua kuwa najisomea kazi. Nilipoajiriwa karani wa mahakama ya mwanzo huko Mbulu, waliniambia pia nitakuwa mkalimani, maana aliyekuwepo alijua lugha moja tu na hiyo alikuwa anaizungumza kwa aibu.

Mtu anadhani ukalimani ni kubadilisha maneno. Siku za mwanzo na mimi nilidhani hivyo. Nilikuwa nawahi, shahidi hajameza mate mimi nimeshatafsiri. Mzee Boay, mzee wetu wa baraza, ndiye aliyenituliza. Kama hamjui, wazee wa baraza ni wale raia wanaokaa na hakimu na kutoa maoni yao kabla ya hukumu. Mzee Boay alikuwa mpole ila alipenda kusinzia, na akisinzia mdomo unabaki wazi, nami kazi yangu mojawapo ilikuwa kumsukuma kwa kalamu. Siku moja aliniambia, "Binti, mtu akinyamaza usimsaidie. Anatafuta njia ya kusema bila kuaibisha watu wake. Na wewe nyamaza hapo hapo." Ushauri huo ulinifaa mpaka nilipostaafu. Kuhusu kusinzia aliniambia kuwa anafumba macho ili asikie vizuri, na hilo sikulikubali hata siku moja.

Yapo maneno ya mahakama ambayo mtu anayakataa kabla hata hajasikia kesi. Nilipohamishiwa Katesh baadaye, tuliita shauri la madai, nikasema kwa sauti, "Mdaiwa asimame." Mzee mmoja wa Kibarbaig, mrefu, fimbo mkononi, akabaki amekaa. Nikarudia. Akasema, "Mimi sidaiwi na mtu. Anayesema ananidai asimame yeye." Watu wote wa ukoo wake wakatikisa kichwa kukubaliana naye. Nilipoona tunakaribia kuharibu asubuhi nzima, nikamwambia kwa lugha yake kuwa tunamwita yule ambaye watu wametoka mbali kuja kumsikiliza. Akasimama mara moja, tena akarekebisha shuka lake.

Lakini niliyotaka kuwaambia ni habari ya Ama Theresia.

Ama ni bibi kwa Kiiraqw. Huyu alikuwa mjane wa Endagikot, kule kule Mbulu nilikoanzia kazi kabla ya Katesh, mdogo wa umbo, mwenye blanketi la kahawia ambalo sidhani kama lilikuwa na mwenzake. Ilikuwa miaka ile ya biashara huria. Mkoa wa Manyara ulikuwa haujakatwa, na muhuri wetu bado ulisema Arusha. Malori yalikuwa yanapanda mpaka mashambani kununua vitunguu swaumu. Watu waliozoea kulima mahindi na maharage wakaanza kuhesabu matuta. Mabati yakaongezeka vilimani, na kesi nazo zikabadilika. Zamani tulikuwa na matusi, mahari, na ng'ombe walioingia shambani. Sasa zikaanza kuja kesi za maji na mipaka. Nasema kwa haki, maendeleo yale yalikuwa matamu. Baba yangu aliuza nguo za mitumba hadi akasahau bei ya kaniki. Lakini nayakumbuka pia mambo yaliyobanwa na matuta yale, na hasa njia.

Jirani yake Ama Theresia aliitwa Lohay. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mchapakazi mwenye pampu ya maji na vitunguu vizuri kuliko vya wote. Kati ya shamba lake na boma la bibi ilipita njia ya kwenda chemchemi, njia ya miguu na ng'ombe, ambayo hakuna aliyekumbuka ilivyoanza. Lohay akaona njia ile inamlia matuta. Akaiziba kwa miiba na seng'enge, akalima juu yake. Bibi akalazimika kuzunguka kilima kwa ndoo ya maji. Alimtuma mtu kwa Lohay akaombe njia, akajibiwa kuwa shamba ni la Lohay. Akaenda mwenyewe, akajibiwa hivyo hivyo na mtu aliyekuwa amempa mgongo huku akifunga pampu.

Basi Ama Theresia akasimama pale penye miiba, mchana, watu wakitoka kanisani na kusikia, akasema, "Aliyefunga njia hii, na ya kwake isifunguke." Akaenda zake nyumbani kupika.

Vijana wa leo mtasema ni maneno tu. Lohay mwenyewe aliwaambia watu ni maneno tu. Lakini alikuwa na binti, Anjelina, aliyekuwa amechumbiwa na kijana wa upande wa Dongobesh. Siku ya kupangwa kwa harusi, upande wa kijana hawakuja. Walituma ujumbe wa adabu sana: wanampenda binti, hawana neno naye, ila hawataingia kwenye nyumba ambayo njia yake imefungwa na mjane. Ikifunguliwa watakuja. Wazazi wa kijana walikuwa Wakristo wazuri tu, wa kwanza kufika misa. Katika hilo hawakubadilika.

Lohay akaja mahakamani kumshtaki bibi kwa kumtishia. Nikamwandikisha mlalamikaji, na Ama Theresia mshtakiwa.

Hakimu wetu wakati huo alikuwa kijana, Mpare, jina lake nalibakiza kwangu. Alikuwa na suti moja safi na hofu ya kuonekana mtoto. Kwa hofu hiyo alikuwa anapita nyuma ya jengo, haraka, bila kumtazama mtu, na kuingilia mlango wake. Alifundishwa kuwa hakimu hasalimiani na watu wenye kesi. Si vibaya kufundishwa hivyo, maana huku ukimsalimia mtu kwa muda mrefu, upande wa pili unaanza kuulizana mmesemezana nini.

Siku ya kesi nikaita, "Mahakamaaa!" Watu wakasimama. Ama Theresia akabaki amekaa kwenye benchi, mikono ndani ya blanketi, akimtazama hakimu usoni.

"Mshtakiwa ni mgonjwa?" hakimu akaniuliza.

Nikamuuliza bibi kwa Kiiraqw. Akanijibu kwa Kiswahili, ili hakimu asikie. "Mimi mzima. Namsubiri huyu mtoto."

"Unamsubiri afanye nini, Ama?"

"Anajua."

Hakimu akaishika kalamu yake. Akasema hiyo ni dharau kwa mahakama, akaandika, akaendelea. Lohay akaapa kwa Biblia akatoa ushahidi wake, mrefu, nusu ukiwa juu ya gharama za seng'enge. Ikafika zamu ya bibi. Hakimu, bila kuinua macho, akaniambia, "Mwapishe mshtakiwa."

Nikamsogezea Biblia. "Ama, unatakiwa uape."

Sasa nanyi mnajua, Kiswahili chetu huku ni cha kujifunza. Kuapa na kuapiza, kwa sikio la bibi wa Endagikot, ni nyumba moja. Ama Theresia akashangaa kweli kweli. "Niapize? Nimeshaapiza. Mnataka nirudie hapa ndani?" Kisha, kwa kuwa ni serikali iliyomwomba, akainuka taratibu, akatoa mkono ndani ya blanketi akauelekeza juu.

Wajukuu zangu, sijaona mahakama ikifungwa haraka vile. Lohay alitoka kwa dirisha. Mashahidi wake walikuwa wamemtangulia kwa mlango. Mzee Boay, ambaye nilidhani amesinzia, nilimkuta uani, na mpaka leo sijui alipitaje. Mimi ni Mwislamu, nikajiambia haya hayanihusu, lakini nilijikuta nyuma ya kabati la mafaili nikisoma dua. Hakimu peke yake alibaki kwenye kiti, kalamu mkononi, akiuliza kuna nini. Bibi naye akashusha mkono, akaketi, akasema kwa upole kuwa wakiwa tayari wamwambie.

Kesi ikaahirishwa. Mchana ule tulikunywa chai ofisini watatu: hakimu, Mzee Boay na mimi. Hakimu alikuwa amechukia. Alisema atamfunga bibi kwa dharau, na kwa kutishia pia kama ikithibitika, ili watu wajue nchi ina sheria. Mzee Boay akapendekeza bibi atozwe kondoo, yaishe. Mimi nikaona kondoo hatasaidia, maana bibi atamtoa na laana itabaki. Tulikuwa bado tunabishana Lohay alipobisha hodi. Alikuwa na mkwaruzo wa dirisha kwenye paji la uso.

"Mheshimiwa, nimesikia unataka kumfunga," akasema. "Nakuomba usimfunge."

"Si wewe uliyemshtaki?"

"Ni mimi. Lakini ukimfunga, nani atanifungulia? Yule ni mzee. Akifia huko ndani, binti yangu ataolewa na nani?"

Hakimu akamtazama, akafungua kitabu chake cha sheria, akakifunga tena. Nilimwonea huruma. Alikuwa na uwezo wa kufunga mtu, na uwezo huo ndio ulikuwa haufai kitu siku hiyo.

Kesho yake Anjelina alikuja peke yake kwenye dirisha langu la karani. Alikuwa binti mnyamavu, mwenye viganja vigumu kwa kung'oa vitunguu vya baba yake. Aliniamkia shikamoo, akauliza kesi yake inaisha lini.

"Mwanangu, si kesi yako. Ni ya baba na Ama Theresia."

"Ni yangu, mama," akasema. "Wao wanagombea njia. Mimi ndiye ninayekaa ndani."

Nilimwambia tu tarehe. Baadaye nilipompelekea hakimu mafaili, nilimweleza maneno ya binti yule kama alivyoyasema, bila kuongeza. Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza jambo jingine kabisa, "Mama Mwanaidi, yule bibi akija huwa anakaa wapi kabla ya kesi?" Nikamwambia, nje, mbele, chini ya ukingo wa bati, panapopigwa jua la asubuhi. Wazee wote hukaa hapo kuota jua.

Siku ya kesi kulikuwa na ukungu na baridi ya Mbulu mnayoijua. Nikiwa nafungua madirisha, nikaona hakimu hakupita nyuma. Alikuja mbele. Suti yake ile ile, viatu vimejaa umande. Akafika pale walipokaa wazee, akasimama mbele ya Ama Theresia, akainama kidogo.

"Shikamoo, bibi."

Bibi hakujibu. Nilikumbuka Mzee Boay alivyonifundisha, nikajizuia nisitoke kumsaidia mtu yeyote. Bibi alimtazama viatu, akapandisha macho mpaka usoni.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

Mimi nilitegemea ataje cheo. Hakimu akasema, "Nimelelewa na bibi yangu, Upareni. Mimi ni wa kwake."

"Yupo?"

"Hayupo tena, bibi."

Ama Theresia akatikisa kichwa polepole, kisha akasema, "Marahaba, mwanangu. Marahaba." Hakimu akawaamkia na wengine wote waliokaa pale, wa upande wa Lohay na wa upande wa bibi, mmoja mmoja bila kuruka, akaingia ndani. Hakuzungumza nao neno jingine. Nilipoita "Mahakamaaa!", wa kwanza kusimama alikuwa Ama Theresia, na alisimama wima kuliko vijana.

Siku hiyo sikutumia neno kuapa. Nilimwambia aahidi mbele ya Mungu kusema kweli, akasema kwani huwa anasema nini kingine. Akaeleza habari ya njia bila kumtukana mtu. Mzee Boay, akiwa macho kabisa, akamuuliza Lohay, baba yake alikuwa ananywesha wapi ng'ombe. Lohay akasema chemchemi. Akaulizwa walikuwa wanapita wapi. Lohay akatazama sakafu muda mrefu. Hakuna aliyemsaidia. Mwisho akasema, "Hapo hapo."

Hakimu akaeleza kuwa sheria ya nchi inatambua mila pale isipopingana nayo, na kwamba makosa madogo kama hili mahakama ya mwanzo inaweza kuyamaliza kwa suluhu. Nilitafsiri nikiwa na furaha, maana kwa mara ya kwanza nilikuwa natafsiri kitabu cha serikali na wazee wanaitikia kana kwamba wanasikia habari ya nyumbani kwao. Lohay akakubali kufungua njia na kuondoa lalamiko. Hakimu akamgeukia bibi. "Na wewe, bibi, unaondoa maneno yako?"

"Siyaondoi hapa," akasema. "Niliyasema njiani, nitayaondolea njiani."

Basi mahakama ikahamia Endagikot. Sheria inaruhusu mahakama kutembelea eneo lenye ugomvi, na tulitembea kwelikweli, hakimu mbele na suti yake, mimi nyuma na muhuri kwenye mkoba, sijui nilitaka kuupiga wapi. Lohay alianza kukata seng'enge. Vijana wakataka kumsaidia, bibi akawakataza. Lohay aliitoa miiba yote mwenyewe kwa mikono, akavuruga matuta yake mwenyewe, na nilimwona akifuta macho kwa kiwiko. Inauma kung'oa kitu ulichokipanda, hata kama umekosea mahali pa kukipanda.

Njia ilipoonekana, Ama Theresia akapita na ndoo yake, akateremka chemchemi, tukamsubiri. Aliporudi akamwita Anjelina. Akachota maji kwa kiganja, akayatia mdomoni, akamnyunyizia binti usoni na kifuani, ndivyo wanavyobariki wazee wa huku. Akasema, "Njia yako imefunguka. Nenda na urudi."

Anjelina alilia akicheka, maji yanamdondoka kidevuni. Baba yake akapiga magoti palepale kwenye vitunguu. Mimi pia nililia, na sioni haya kuwaambia.

Hakimu akasema, "Haya, shauri limekwisha, tunaweza kuondoka." Hakuna aliyeondoka. Akanitazama. Nikamnong'oneza kuwa kikao cha Wairaqw hakijaisha mpaka isemwe slufay, dua ya kufungia, ambayo mmoja anataja mema na wengine wanaitikia. Hakimu akarudi akasimama mahali pake. Mzee Boay akaanza, na ndipo nilipojua kwa nini walimchagua: sauti ile ya usingizi ilikuwa haipo kabisa. Akaombea mvua, maziwa, watoto, njia, hata serikali. Tukaitikia sote, Wakatoliki, Walutheri, mimi nimefungua viganja vyangu, na kijana wa Upareni akiitikia lugha asiyoijua, kwa nyuma kidogo ya wengine.

Upande wa Dongobesh walikuja. Harusi nilikwenda, na pilau nilipika mimi. Hakimu akahamishwa baadaye kama wote wanavyohamishwa, lakini tangu siku ile mpaka anaondoka hakupita tena nyuma ya jengo. Alikuwa anapita mbele, anawaamkia wazee wote sawasawa, halafu anaingia. Nje alikuwa mtoto wao, ndani alikuwa mahakama, na sikusikia mtu akilalamika kwamba amependelewa mwenzake. Ama Theresia alipofariki, jeneza lake lilipita kwenye njia ile, na Lohay alikuwa mbele amebeba. Hakuna aliyeomba ruhusa kupita.

Sasa Mzee Boay hayupo, na mahakama ile imejengwa upya, ina vigae na skrini. Nilipita mwaka huu kufuatilia cheti. Wamehamisha mabenchi ya wazee kule nyuma, kwenye kivuli, karibu na maegesho. Nilikaa huko nikapata baridi. Watumishi walipita na simu masikioni, vijana wazuri, wasafi. Niliwakumbuka watu wangu.

Nilipomaliza kumsimulia Salma, aliniuliza jambo hilo liko kwenye kifungu gani. Nikamwambia kifungu sikijui. Nikamwambia tu siku ya kwanza ya kazi atafute wazee wanakaa wapi kuota jua, apite hapo kwanza, ndipo aende kwenye mlango wake.

Jana alinipigia simu kutoka Hanang.

"Bibi, nimepita. Nimewaamkia wote."

"Wakakuitikia?"

"Hawakuitikia mara moja. Kuna bibi mmoja aliniuliza kwanza mimi ni mtoto wa nani."

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia mimi ni wa kwako."